Magari Matatu, Dereva Mmoja

Leseni yangu ni moja, ina picha moja,
niliyopigwa nikiwa na mafua.
Lakini uani kwangu, hapa Makandana, Tukuyu,
yamelala magari matatu
kama ng'ombe wa mtu asiye na mtoto wa kuwachunga.

La kwanza Suzuki, la kunifikisha kazini,
kiwandani ninakopima majani ya chai.
La pili pikapu, mlango wake mmoja hufungwa kwa kamba ya mgomba,
hupeleka ndizi Uyole kila Jumanne.
La tatu Landrova ya baba,
aliyoinunua mnadani mwaka niliozaliwa,
au mwaka uliofuata:
hati inasema hivi, mama anasema vile.
Haijatembea tangu matanga.
Kuku hutaga kiti cha nyuma.

Januari akaja Ezekia, wakala wa bima,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.
Akapiga hesabu juu ya boneti:
"Bima ndogo, dada Tusekile. Mara tatu."

Mara tatu kwa nini?
Nikiwa ndani ya hili, yale yamelala.
Kwani mimi nina makalio mangapi?

Ezekia akacheka, ila kalamu haikucheka.
"Bima haimhesabu dereva, dada.
Inahesabu magari."

Basi nami nikahesabu kwa lugha ninayoijua:
gari moja, mikungu kumi na miwili.
Magari matatu, thelathini na sita.
Thelathini na sita!
Hiyo ni migomba yote ya bondeni, nibaki na majani ya kufunikia sufuria.
Ningekuwa na mume, hata wa kuazima,
walau magari mawili yangetoka siku moja,
na pesa isingeniuma hivi.

Nikalipia Suzuki. Nikalipia pikapu.
Landrova nikaipiga kofi ubavuni:
"Hii haiendi popote. Itamgonga nani, jogoo?"
Ezekia akatazama mteremko,
akatazama mawingu juu ya Rungwe,
akasema, "Haya,"
akaondoka peku.

Machi.
Mvua ya huku hainyeshi, inahamia na mizigo yake.
Usiku wa kumi na tatu nikasikia mlio usio wa radi.
Jiwe nililokingia gurudumu lilikuwa limeteleza kama sabuni,
na breki ya mkono ilikufa kitambo,
kabla ya mwenye mkono.
Landrova ikashuka peke yake,
taratibu, bila taa, kuku wakiwa ndani,
kama mzee aendaye msalani usiku.
Ikapita ua wa matete,
ikapita migomba minne,
ikaegemea jiko la Mama Syabumi.

Jiko likalala chini.

Mama Syabumi akatoka na mwavuli na tochi,
akamulika kiti cha dereva.
Jogoo.
"Tusekile, nani alikuwa anaendesha?"
"Hakuna mtu, mama."
"Basi huyo Hakuna Mtu
ndiye atakayenijengea jiko?"

Tofali mia nne. Bati sita.
Fundi siku tatu, na chai yake, na sigara zake.
Gunia la chumvi lililogeuka maji.
Nilipofika mikungu sitini nikaacha kuhesabu,
maana bondeni kwangu haimo sitini.

Ezekia alirudi, viatu mkononi.
Hakusema neno, na ule ukimya wake ulikuwa na riba.
Nikalipia ya tatu.
Nikanunua na mnyororo,
nikaifunga Landrova kwenye mparachichi
kama mbwa aliyekwisha kung'ata.

Kuku wameendelea kutaga mlemle.
Yai la kwanza nilimpelekea Mama Syabumi.
Hakusema asante.
Aliliinua kwenye mwanga, akaligeuza,
akalichungulia kwa jicho moja
kama trafiki atazamaye stika
kuona kama tarehe imepita.